Faiba Ilipita Makueni, Sisi Tukabaki Kupakua

Wasee, kila siku mnalia ati video imekwama asilimia 40 ikipakiwa. Hiyo shida ni ya zamani kuliko bando lako.

Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899. Ilikata Makueni, kuanzia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu hadi Sultan Hamud, na Kitui ikaachwa kando. 2009 nyaya za baharini, Seacom na TEAMS, zikatua Mombasa, na faiba ya kwenda Nairobi ikafuata njia ile ile ya babu zetu. Kabla ya hapo nchi nzima ilitegemea setilaiti. Nairobi wakasherehekea. Lakini kupitiwa na waya si kuunganishwa, muulize mtu wa Makindu. Baadaye serikali ikavuta faiba yake hadi miji ya kaunti, ila hiyo ilikuwa ya maofisi kwanza, si ya boma lenu kule Mutomo.

Kwa hivyo nyumbani tukabaki na minara ya simu. Mnakumbuka zile modemu za kuchomeka kwa laptopu? Nyingi zilifungwa zishike laini ya kampuni moja tu. Ulinunua kifaa, lakini ukweli ni kama ulikodisha.

Na kupakia kulisahaulika tangu mwanzo, hata kwa wenye pesa. Keboli za televisheni za Marekani zilipoanza kubeba intaneti miaka ya 1990, safari ya kurudi ilipewa kipande kidogo tu cha masafa, kwa sababu nyaya zenyewe zilijengwa kumletea mtu picha sebuleni. Nani alidhani mtu wa sebuleni atakuwa na kitu cha kutuma?

Kwa mnara kuna shida nyingine. Mnara unatoa makumi ya wati, simu yako inatoa karibu 0.2. Wewe unausikia vizuri, wenyewe unakusikia kwa taabu. Ndio maana uko Kyuso unatazama filamu bila kukwama, na klipu ya dakika tatu haiendi. Video ya GB 1.5 kwa Mbps 2 ni dakika 100. Kwa Mbps 10 ni dakika 20.

Hapa ndio naona kununua ruta yako mwenyewe kuna maana: isiyofungwa, yenye antena ya kuweka nje juu ya paa, ikielekezwa mnarani. Haiongezi bando, inafanya usikike. Na ukiona laini fulani imelala, unabadilisha kadi tu.

Starlink, iliyoingia Kenya 2023, haihitaji mnara, lakini nayo inapakua haraka kuliko inavyopakia. Agosti 2024 ilianza kukodisha vifaa kwa shilingi 1,950 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 23,400, kabla hujalipia intaneti yenyewe, na dishi bado si lako.

Muuzaji akikuambia "hii ni Mbps 30", muulize: za kushuka au za kupanda?