Mguu kifundo kwa mtoto mchanga: Kunyooka si mwisho wa tiba

MGUU kifundo ni ulemavu wa kuzaliwa ambao mguu wa mtoto, kuanzia kwenye kifundo, hupinda kuelekea ndani na chini. Kisigino hupanda juu na unyayo hutazama mguu wa pili. Duniani, takriban mtoto mmoja kati ya 1,000 huzaliwa na hali hii. Wavulana huipata mara mbili zaidi ya wasichana, na kwa karibu nusu ya watoto hao miguu yote miwili huathirika.

Kwa watoto wengi chanzo chake hakijulikani, ingawa urithi wa kifamilia una nafasi yake. Wachache huwa nao pamoja na maradhi mengine, kama vile mgongo wazi. Jambo lililo wazi ni kwamba hautokani na laana, uchawi wala kosa la mama wakati wa ujauzito. Mzazi anayeamini hayo humficha mtoto ndani, na muda wa thamani hupotea.

Wapo pia watoto ambao miguu yao imejikunja tu kwa jinsi walivyolala tumboni. Huo hunyooka kwa urahisi ukishikwa taratibu kwa mkono. Mguu kifundo ni mgumu na haurudi mahali pake. Kuukanda kwa mafuta pekee hakuuponyi. Mtoto asipotibiwa hukua akikanyagia ubavu au mgongo wa mguu, akipata sugu na maumivu.

Tiba inayotumika leo ilibuniwa na Dk Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, hadi kifo chake mwaka 2009. Msingi wake ni ule ule wa wahenga: samaki mkunje angali mbichi. Kano za mtoto mchanga ni laini, hivyo ni vema tiba ianze katika wiki za kwanza za maisha.

Kila wiki mtaalamu huunyoosha mguu kidogo kwa mkono, kisha huufunga plasta ngumu, maarufu kama hogo, kuanzia vidoleni hadi pajani. Kwa kawaida mahogo matano hadi saba hutosha. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kano ya nyuma ya kisigino kwa tundu dogo, chini ya ganzi, ili kisigino kishuke. Hogo la mwisho hukaa wiki tatu, na kano hujiunga upya ikiwa ndefu zaidi.

Mzazi anapaswa kuvitazama vidole vya mtoto kila siku. Vikivimba, vikibadilika rangi, vikiwa baridi, au vikitoweka ndani ya hogo lililoteleza, mtoto arudishwe hospitali mara moja. Hogo lisiloweshwe.

Hapo mguu huonekana umepona, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mtoto hupewa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fimbo, ambavyo huvivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu. Baada ya hapo huvivaa wakati wa kulala hadi afikie umri wa miaka minne au mitano. Kuviacha mapema ndiyo sababu kuu ya mguu kupinda tena, na safari ya mahogo huanza upya.

Viatu hivyo si lazima vitoke ng'ambo. Ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria, nchini Uganda, Mholanzi Michiel Steenbeek alibuni aina inayotengenezwa na mafundi wa kawaida kwa ngozi, mbao na chuma.

Kwa wakazi wa Mwanza, pa kuanzia ni kliniki ya watoto iliyo karibu, ambayo hutoa rufaa. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Familia zinazotoka Sengerema na Geita hazilazimiki tena kusubiri kivuko tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Hata hivyo, anayetoka Ukerewe bado huvuka maji, na kwa mama mwenye kipato kidogo nauli ya kila wiki ni mzigo mzito.

Kwa sababu hiyo, baba na jamaa wanapaswa kuupanga mzigo huo tangu siku ya kwanza. Wajue tarehe za kliniki mapema, watenge nauli, na ikiwezekana mama apate pa kufikia mjini katika wiki za mahogo. Anayeshindwa kufika awaarifu wahudumu ili wapange tarehe nyingine, badala ya kuacha tiba.

Viatu vikimbana mtoto au vikimwacha na vidonda, virudishwe vikarekebishwe, visiwekwe uvunguni. Mtoto aliyetibiwa kikamilifu huweza kutembea, kukimbia na kucheza mpira na wenzake.