Kujifunza Mbinu za Akiolojia kwa Njia ya Mtandao: Funzo kutoka Malungu ya Ufipa

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Kutoka hapo hadi Sumbawanga ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000, hivyo mafunzo ya uwandani kwa njia ya mtandao yana manufaa ya wazi: mkazi wa Ufipa anaweza kufundishwa kusoma ramani, kupiga picha zenye kipimo na kujaza fomu za kumbukumbu akiwa kwake. Historia ya utafiti wa chuma Ufipa inaonyesha ni stadi zipi zinazofundishika kwa mbali na zipi zisizofundishika.

Malungu ni matanuri ya udongo yaliyofikia takriban meta 3, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma ghafi kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwa, lililopulizwa kwa mivukuto. Malungu yaliwavutia waandishi wa mwanzo: mmisionari Wyckaert aliandika kuhusu wahunzi hao mwaka 1914, na Greig mwaka 1937. Katika kiwango hicho picha husaidia sana, kwa kuwa umbo, urefu na matundu ya tanuri lililosimama huweza kupimwa hata kwenye skrini.

Hali ilibadilika kwa tasnifu ya uzamivu ya Bertram Mapunda ya mwaka 1995. Kwa kukagua ardhi ya Nkasi na kulinganisha mabaki ya matanuri na mavi ya chuma, Mapunda alibainisha teknolojia nyingine, katukutu, yenye matanuri mafupi kuliko malungu. Mabaki ya namna hiyo hayaonekani kwa mbali. Humhitaji mtu ainame, aokote kipande, apime uzito wake mkononi na kutazama mvunjiko wake.

Jambo hili lina uzito kwa sababu udongo wa matanuri humomonyolewa na mvua, na jembe husambaza mavi ya chuma. Mafunzo yanayoishia kwenye skrini yatawaandaa watu wa kurekodi malungu yanayojulikana tayari, huku yasiyojulikana yakilimwa. Aidha, uchimbaji ukikosewa haurudiwi, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huutaka uwe na kibali. Kwa hiyo masomo ya mtandaoni yafaa yatangulie, ukaguzi wa miguu pamoja na wazee wa kijiji ufuate, na sururu ije mwisho.