Ukuta wa Marahubi na Miembe ya Ujiji

Kilomita chache kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Unguja, kando ya njia ya Bububu, yapo magofu ya jumba la Marahubi, alilolijenga Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya masuria wake. Wageni huzipiga picha nguzo nene zilizonusurika moto wa mwaka 1899, kisha huondoka. Bustani hawaiangalii, nayo ndiyo yenye mengi ya kusema. Imezungushiwa ukuta ambao, kwa masimulizi ya Unguja, Barghash aliuiga kutoka kwenye mashamba ya makabaila aliyoyaona Uingereza mwaka 1875. Ndani mna hamamu ya Kiajemi, mabirika ambayo sasa yametandwa na mayungiyungi, na miembe, mti wenye asili ya Bara Hindi.

Wapo wanaoona hapo kasumba tu: mfalme kaenda Ulaya, karudi na ukuta. Hoja hiyo inasahau kwamba huko Uajemi na Uarabuni bustani ilizoeleka kuzungushiwa ukuta karne nyingi kabla ya Barghash kupanda meli. Kati ya yote aliyoyaona Uingereza alichukua lile ambalo mila yake ilikwisha kulikubali. Tena ukuta wa Kiingereza huzunguka viwanja vipana vya nyasi na kulungu wanaojilisha. Wa Marahubi unazunguka maji, kivuli na sitara ya nyumba. Umbo limetoka Magharibi, kazi yake ni ya Mashariki. Na mtu huyu, aliyewahi kuhamishiwa Bombay baada ya uasi wake wa 1859, ndiye aliyewavutia watu wa mjini maji ya mabomba kutoka chemchemi. Maji aliyajua thamani yake.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: anasa hii ilitoka jashoni mwa nani? Ni swali la haki, na jibu lake linafika hadi Buha, nchi ya Waha kando ya Ziwa Tanganyika. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na ushuru wa pembe za ndovu za bara ukazidi kuwa tegemeo la hazina, huku watumwa wakiendelea kulima mashamba hata baada ya soko lao kufungwa mwaka 1873. Pembe nyingi zilipitia Ujiji, zikabebwa mabegani na wapagazi hadi pwani. Waha hawakuwa watazamaji: mwaka 1871 Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alitozwa hongo (ushuru wa njia) ya vitambaa na wakuu wao mmoja baada ya mwingine, hata akaamua kupenya usiku ili asikutane na wengine. Kwa hiyo msomaji wa Kasulu, Kibondo au Kumsenga anayeiona Marahubi kuwa mambo ya Waarabu wa pwani anajitoa katika historia aliyomo.

Njia hiyohiyo ilipitisha kitu kingine. Misafara iliyoteremsha pembe iliacha miembe kwenye vituo vyake, na ni kivulini mwa mwembe ambako Stanley na Livingstone walikutana Ujiji mwaka 1871. Ule wa awali haupo tena. Inasemwa kuwa iliyosimama hapo leo imetokana nao. Marahubi nako, marumaru ya hamamu yaliibwa zamani, ila miembe ingali inazaa.