Mahojiano ya kazi ya kutengeneza tovuti: hatua zake na haki zako

Vijana wengi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanajifunza kutengeneza tovuti. Wakati wa kuomba kazi, mutu anaweza kufikiri ni mazungumuzo ya siku moja tu. Mara nyingi ni hatua ine.

Ya kwanza: CV. Mwajiri hasomi diploma tu, anafungua kazi zako kwenye intaneti. Tovuti mbili zinazofunguka vizuri hata kwa telefone ndogo zinasema mengi kuliko brevet kumi.

Ya pili: mazungumuzo kwa telefone ao kwa video. Angalia saa! Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Wakisema saa nne asubui ya Kinshasa, kwetu huku mashariki ni saa tano. Uliza kila mara: saa ya wapi? Chaji mashine usiku, nunua mega mbele, na uwape namba ya simu juu umeme unaweza kukatika katikati.

Ya tatu: teste. Wanakupa kazi ndogo ya HTML, CSS na JavaScript, kisha wanakuuliza kila mustari unafanya nini. Mwenye kunakili bila kuelewa anajulikana hapo. Ukikwama, usinyamaze: eleza namna unavyotafuta kosa. Lakini teste ya saa chache si sawa na tovuti nzima ya mteja wao. Wakiomba hiyo bure, ile ni kazi, na kazi inalipwa. Uliza bei mbele ya kuanza.

Ya ine: mukataba. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema muda wa majaribio uandikwe, na usipite miezi 6. Kwa mutumishi asiye na ufundi, mwezi 1. Basi "tutaona kwanza" ya mwaka muzima haiko ndani ya sheria.

Mbele ya kutia sahihi, uliza: mushahara ni wa dola ao wa franga? Unalipwa tarehe gani? Ukifanyia nyumbani, nani analipa mega?

Na mutu akikuomba pesa "ya dosie" ili upite, usitoe. Mwenye kazi ya kweli anakulipa wewe.