Poka: Wakati wa kutupa karata bora

KATIKA poka ya aina ya Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, kisha karata 5 za wote hufunuliwa mezani. Jozi ya ree ndiyo bora zaidi mwanzoni, nayo hupatikana kwa wastani mara 1 katika migao 221.

Kabla ya karata za mezani kufunuliwa, wachezaji wa fedha taslimu hawana sababu ya kuitupa. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, hushinda takriban mara 85 kwa 100.

Hali hubadilika katika mashindano ya mchujo, ambayo zawadi yake ni tiketi ya shindano kubwa. Kupitia mchujo wa intaneti, mhasibu Mmarekani Chris Moneymaker alifika World Series of Poker, Las Vegas, mwaka wa 2003, akatwaa ubingwa na dola milioni 2.5.

Tuseme tiketi ni 10 na wamesalia wachezaji 11, mmoja wao akiwa karibu kufilisika. Mwenye akiba nono anapata jozi ya ree, na mpinzani mwenye akiba kubwa zaidi anaweka dau lake lote. Akilikubali, huenda akashindwa takriban mara 1 kwa 5 na kuondoka mikono mitupu. Akishinda, tiketi yake ni ileile ya anayeshika mkia.

Hapo, busara ni kuzitupa na kusubiri.