Simba wa Kwenye Shuka

Vipindi vya mtandaoni vinavyowafundisha wanafunzi habari za simba, chui na duma huzungumziwa kana kwamba vilizaliwa mwaka 2020, corona ilipofunga shule. Mimi nimefundisha sayansi katika shule za msingi za Taita-Taveta miaka yangu yote ya kazi, na karibu muda huo wote nimekuwa mlezi wa chama cha wanyamapori. Naijua historia hii, na ni ndefu kuliko inavyosemwa. Mtoto wa Kenya, hata yule aliyezaliwa kando ya mbuga, kwa kawaida amemjua simba kupitia ngano ya bibi, picha ya kitabuni au sinema. Simba mwenyewe humsikia usiku akinguruma, au huiona kazi yake asubuhi zizini.

Kwetu Tsavo liko jambo linalouma zaidi. Simba mashuhuri kuliko wote katika historia ya nchi hii, wale wawili waliowaua wajenzi wa reli kwenye daraja la Tsavo mwaka 1898, hawapo Tsavo. John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja hilo, aliwapiga risasi Desemba mwaka huo, akatandika ngozi zao sakafuni kwake kwa miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba la makumbusho la Field, huko Chicago, kwa dola 5,000. Wamejazwa na kusimamishwa humo hadi leo. Mtoto wa Voi akitaka kuwaona, hana njia ila picha. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu, walibisha kwamba hao ni majike, kwa kuwa hawana manyoya marefu shingoni. Madume wengi wa Tsavo wako hivyo, na watoto wanaoishi jirani nao walikuwa hawajui, maana simba wa vitabu vyao wote wana manyoya.

Mbuga ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, na kwa miaka mingi aliyeingia kuwatazama simba alikuwa mwenye gari. Mwaka 1964 ikafunguliwa nyumba ya wanyama yatima karibu na lango la mbuga hiyo, na mabasi ya shule yakapata pa kwenda. Lakini basi la kutoka Wundanyi hadi Nairobi ni gharama ambayo mzazi wa kawaida hakuimudu. Kilichowafikia watoto wa mashambani ni Wildlife Clubs of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1968, cha kwanza cha aina yake Afrika. Kilikuwa na jarida lake, Komba, ambalo shuleni kwetu nakala moja ilisomwa hadi jalada likatoka, na kilikuwa na magari ya sinema.

Gari la sinema lilipotarajiwa, masomo ya alasiri hayakuingia kichwani mwa mtu. Jenereta iliwekwa mbali, nyuma ya jikoni, ili mngurumo wake usimeze sauti ya filamu. Shuka jeupe lilifungwa kati ya milingoti ya goli, na upepo ukivuma duma alijikunja katikati ya mbio zake. Wazee wa kijiji walikuja pia, wakaketi kwenye viti vya walimu. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mwalimu alisimama kando akitafsiri kwa sauti kubwa. Tulipenda sana. Ila nakumbuka mzee mmoja aliyeinuka baada ya taa kuwashwa akauliza: huyo simba aliyekula ng'ombe, mwenye ng'ombe alilipwa na nani? Shuka halikuwa na jibu, na mwalimu naye hakuwa nalo. Gari likaondoka. Naliona hilo kuwa pengo kubwa la elimu ya wanyamapori ya wakati ule: ilionyesha vizuri, lakini haikujibu.

Kingine tulichokikosa ni kazi ya mikono. Mwaka 1970 watafiti wawili, C. J. Pennycuick na Judith Rudnai, walichapisha njia ya kumtambua simba mmoja mmoja, na Rudnai alikuwa akiwachunguza simba wa mbuga hiyohiyo ya Nairobi. Masharubu ya simba huota kwenye vidoa vyeusi vilivyopangwa kwa mistari shavuni. Juu ya mstari wa kwanza uliokamilika huwa kuna vidoa vichache pekee, na mahali vinapokaa, ukivilinganisha na vile vya chini yake, hutofautiana kati ya simba na simba, na hata kati ya shavu la kushoto na la kulia. Havibadiliki maishani mwake. Somo hili halihitaji gari wala lango la mbuga. Mpe mtoto wa gredi ya tano picha za nyuso na penseli, atanyamaza kipindi kizima akihesabu, halafu ataruka: “Mwalimu, huyu ni yule wa kwanza!” Tangu hapo simba kwake si kundi tena, ni fulani.

Shule zilipofungwa Machi 2020, masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na simu. Mashirika ya uhifadhi nayo yakaanza kuzungumza na watoto moja kwa moja kutoka porini. Watoto wengi hawakuyapata hayo, kwa kukosa simu au bando, na hilo lisifichwe. Hata hivyo, shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, walezi kadhaa tuliendelea na vipindi hivyo. Laptopu moja, projekta ya kuazima, darasa zima. Hapo ndipo nilipoliona jipya lenyewe. Picha tulikuwa nayo tangu enzi za shuka. Sasa mtoto aliweza kuinua mkono, na mtu aliye porini akamsikia.

Wanaofaa kujibu wapo. Karibu na Amboseli, tangu mwaka 2007, shirika la Lion Guardians limewaajiri morani wa Kimaasai, baadhi yao waliowahi kuua simba, wawafuatilie simba kwa nyayo, wawape majina na kuwaonya wachungaji. Mwaka huohuo shirika la Ewaso Lions lilianza kazi Samburu. Mtoto aliyepoteza mbuzi akimuuliza morani, hajibiwi kwa nadharia. Huambiwa habari za boma lililozungushiwa miba vizuri, na za fidia inayotajwa katika sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu simba 2,589 na duma 1,160 nchi nzima. Baadhi yao hutembea katika ardhi ya wafugaji.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ukialikwa kwenye kipindi cha namna hii, omba mambo matatu kabla ya kukubali: picha za mashavu ya simba zitumwe mapema uzichapishe, kipindi kiwe kwa Kiswahili, na nusu ya muda iachiwe watoto waulize. Wakikunyima hilo la tatu, tafuta kipindi kingine.