Alifika wa mwisho, akabaki na heshima

Nimeshavuka miaka 40, nami najiandaa kwa marathoni yangu ya kwanza. Kila alfajiri, kabla jua la Mtwara halijakolea, nashika barabara ya Mikindani. Wavuvi wanaorudi pwani huniuliza: "Mzee, unakimbizwa na nani?"

Jibu langu ni historia. Tarehe 20 Oktoba 1968, John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza, akaanguka, goti likaumia. Wakimbiaji 75 walianza, 18 wakaacha njiani. Akhwari alifungwa bendeji akaendelea. Alifika wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

Kilomita 42 na mita 195 hazikumhurumia mtu wa milimani, sembuse mimi wa pwani! Kwa hiyo naongeza mwendo kidogo kidogo, nakunywa maji, napumzika. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Medali tuwaachie akina Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989. Sisi wengine, tuanze kwa kufika.